Sangara wa Kilo Sitini na Moja

Kulikuwa na nchi ambayo wenyewe wameomba jina lake lisitajwe, na kwa kuwa wana magereza ya kutosha, ombi lao limekubaliwa. Nchi hiyo ilikuwa na ziwa, ziwa lilikuwa na sangara, na sangara walikuwa na wanunuzi ng'ambo. Wananchi nao walikuwa na mapanki, yaani kichwa, mgongo na mkia vinavyobaki baada ya minofu kupanda ndege. Kila mtu alikuwa na chake, na nchi ilikuwa na amani.

Siku moja mgeni kutoka kwa wanunuzi alitembezwa katika kiwanda cha samaki. Akamkuta bwana mmoja aitwaye Mafuru akimuua sangara kwa rungu la kichwa. Sangara yule alikuwa mbishi, akahitaji marungu matatu. Mgeni akalia. Alilia hadi akashindwa kumaliza soda aliyokaribishwa, akarudi kwao, akaandika barua. Barua ikafika Ikulu, na siku arobaini hazijatimia ikaundwa Wizara ya Huruma kwa Viumbe wa Majini, yenye waziri, manaibu watatu na msafara wenye king'ora.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Chamviringo, alihutubia taifa uwanjani.

"Ndugu wananchi, tumewatesa samaki vya kutosha! Kuanzia leo, samaki wa nchi hii hatakufa kifo cha samaki. Atalala. Atalala kama mtoto aliyeshiba, wala hatajua kwamba hakuamka!"

Watu wakashangilia. Mstari wa mbele alikuwapo mzee mmoja ambaye asubuhi hiyo aling'olewa jino katika hospitali ya wilaya, wahudumu wawili wakimshika mikono, maana sindano ya ganzi iliisha tangu mwaka juzi. Hata yeye alipiga makofi, ingawa hakuweza kutabasamu.

Dawa ya usingizi huo ilikuwa kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la mkaa isiyo na rangi wala harufu, ambayo kila msimu wa baridi huingia chumba kilichofungwa, na kunapokucha majirani huvunja mlango. Wizara iliona jina hilo limeshachafuka, ikaiita Pumzi ya Faraja. Ilipulizwa ndani ya maji ya tangi, samaki wakalegea, wakapinduka taratibu, wakafa bila kupiga mkia. Ilikuwa na baraka nyingine ambayo Mheshimiwa hakuitaja uwanjani: nyama ya samaki aliyekufa hivyo hubaki nyekundu, mbichi machoni, hata ikiwa imelala wiki nzima. Huruma na biashara zikawa zimekutana mlangoni, na hakuna aliyeuliza ipi ilitangulia kubisha.

*

Sasa huyo Mafuru. Alishika rungu miaka kumi na mmoja na hakuna aliyewahi kumuuliza kama analipenda. Hakulipenda. Alikuwa mtu mpole, mkimya, aliyezoea kumfunika samaki macho kwa kiganja kabla ya kumpiga, jambo ambalo wenzake walilifanya mzaha. Nyumbani alikuwa hali samaki. Dada yake mkubwa, Nyangeta, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, ndiye peke yake aliyejua sababu, na hakumtania.

Kwa hiyo Pumzi ya Faraja ilipokuja, Mafuru alifurahi kwa dhati. Akateuliwa kuwa Mkaguzi wa Utulivu, akapewa koti jeupe na mafunzo ya siku mbili. Kazi yake ilikuwa kupokea sangara mmoja katika kila kumi, kumfinya mkia, kisha kumlaza ubavu na kumtazama jicho. Samaki aliye hai, ukimlaza, jicho lake hugeuka kuitafuta juu iliko. Aliyekwenda, jicho hubaki pale ulipolikuta. Jicho lisipogeuka, Mafuru aliandika kwenye cheti: *Utulivu, kamili.*

"Dada, hawashtuki hata kidogo," alimwambia Nyangeta jioni ya kwanza. "Wanaachia tu, kama mtu anayevua viatu."

"Basi ni jambo jema," Nyangeta alisema. "Mama yetu alikufa siku nne. Ningejua dawa kama hiyo ipo, ningemwombea na yeye awe sangara."

Wakacheka, maana Nyangeta alikuwa na mdomo wa kuchekesha hata msibani. Mwezi uliofuata yeye naye akapata kazi humo, katika ukumbi wa matangi, pamoja na wanawake wengine kumi na mmoja. Walichota samaki waliolala kwa nyavu za mkono na kuwaweka kwenye mkanda uliowapeleka kwa Mafuru, chumba cha pili, nyuma ya kioo.

*

Ukumbi huo ulikuwa fahari ya Wizara. Zamani ulikuwa na feni nne kubwa ukutani. Wataalamu walisema mngurumo wake unawatia samaki hofu katika dakika zao za mwisho, zikang'olewa, zikapelekwa kwenye sebule ya wageni mashuhuri. Madirisha yalikuwa yakifunguka. Upepo ulifanya maji yatikisike, na maji yakitikisika samaki hukosa amani, basi yakazibwa kwa silikoni. Palikuwa na kifaa cha kupima gesi pia, cha kisasa, chenye taa na kengele. Kilifungwa ndani ya tangi. Kilipiga kengele gesi ilipopungua.

Kichwa cha Nyangeta kilianza kuuma wiki ya tatu. Akadhani malaria, akameza dawa. Wiki ya nne akatapika asubuhi mbili mfululizo, akawaambia majirani kwa mzaha kwamba amepata mimba katika umri wa miaka hamsini na sita na anamtafuta mhusika. Wiki ya tano akamwita mjukuu wake kwa jina la mama yao marehemu, na mtoto alipomsahihisha, hakucheka. Alikaa kitako jikoni, akaangalia mikono yake.

"Mafuru," alisema, "ile gesi inalala ndani ya maji tu?"

Mafuru alikuwa amefundishwa siku mbili, na swali hilo halikuwamo.

Kesho yake akaenda kwa meneja, Bwana Bituro, mtu msafi sana aliyefuta meza kila unapoinuka.

"Bosi, akina mama wa matangi wanaumwa vichwa. Wote kumi na wawili."

"Andika taarifa," Bituro alisema, akamsukumia Fomu ya Adha. "Wizara inachukulia adha kwa uzito mkubwa."

Mafuru akaisoma. "Hapa pa kiumbe aliyepata adha, pana sato, sangara, kambare na wengineo. Niandike wengineo?"

"Wengineo ni ningu."

"Na mtu?"

Bituro akavua miwani. "Ndugu yangu, watu wana wizara yao."

Wizara ya watu, Mafuru aliiendea siku mbili. Siku ya kwanza ilikuwa imefungwa kwa semina. Siku ya pili karani alimsikiliza vizuri sana, akamwambia kwamba kiwanda cha samaki ni mambo ya samaki.

Basi akarudi, akakaa na ile fomu, akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani: akaandika uongo. Aliandika: *Sangara. Jike. Urefu, sentimita mia moja na sitini. Uzito, kilo sitini na moja. Dalili: kichwa kuuma, kutapika, kusahau majina.*

*

Walifika kesho yake kabla ya saa tatu. Magari matano, king'ora, hema la dharura, mitungi miwili ya oksijeni, daktari mmoja, wapigapicha na Mheshimiwa Dokta Chamviringo mwenyewe, jasho likimtoka.

"Yuko wapi?" alipiga kelele akiteremka. "Yuko wapi huyo sangara? Anaendeleaje?"

Mafuru alimshika Nyangeta mkono, akamleta mbele. Alikuwa amevaa buti za mpira na aproni, kitambaa cha kichwa kimelegea, macho mekundu. Waziri alimtazama. Akatazama nyuma yake, kama mtu anayetarajia sangara atakuja. Kisha akaelewa, na uso wake ukafunguka kwa nafuu kubwa.

"Aa! Kumbe ni mtu! Bwana wee, umetutisha. Tulidhani ni samaki."

Msafara mzima ukacheka, Nyangeta naye akatabasamu kidogo, kwa adabu.

Daktari hakucheka. Alikuwa mwanamke kijana, daktari wa samaki kwa kusomea. Alimkaribia Nyangeta, akamtazama midomo, akamgeuza viganja, akavikuta vyekundu kama vya mtu aliyetoka kupaka hina. Akamwambia Mafuru kwa sauti ya chini, "Mimi sina ruhusa ya kumtibu mtu. Lakini mtoe humu. Leo."

"Mheshimiwa," Nyangeta akasema, "kwa kuwa mmeshafika, naomba jambo moja. Naomba dirisha."

"Dirisha?"

"Moja tu. Hata dogo. Tulifungue dakika kumi kila saa."

Waziri akaweka mkono begani pake, wapigapicha wakasogea. "Mama, nakusikia. Serikali inakusikia. Lakini fikiria: upepo unaingia, maji yanatikisika, sangara anaamka katikati ya safari. Ataamkia wapi? Atamwona nani? Ungependa wewe kuamka hivyo?" Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, watu waliokuwapo wanasema machozi yalimlenga. "Hata hivyo naunda kamati. Kamati ya Dirisha. Italeta mapendekezo ndani ya miezi tisa."

Mitungi ya oksijeni ikarudishwa garini, maana ilikuwa imesajiliwa kwa matumizi ya majini.

Jioni Mafuru akamwambia dada yake, "Kesho usiende. Umesikia alichosema daktari."

"Nimesikia." Nyangeta alikuwa akichambua mchele, taratibu, punje moja moja. "Tumejiwekea utaratibu mle ndani. Kila baada ya muda naita majina. Kasuka. Mbuke. Nyanzala. Kila mmoja anaitika. Asiyeitika tunamfinya. Juzi Mbuke hakuitika, tukamburuta hadi nje, akarudiwa na akili. Nikikaa nyumbani, nani ataita?"

"Ataita mwingine."

"Wengine wameanza kusahau majina, Mafuru. Mimi namsahau mjukuu tu. Wale bado nawakumbuka."

Mafuru alitaka kumgombeza. Lakini huyo ndiye aliyempeleka shule amembeba mgongoni mto ulipofurika. Mtu kama huyo unamgombezaje? Akasema, "Wiki hii tu, dada."

"Wiki hii tu," Nyangeta akakubali.

*

Ilikuwa Jumatano, kama saa nne asubuhi. Kulikuwa na ndege mbili zinasubiri minofu na gesi ilifunguliwa zaidi ya kawaida. Mafuru alikuwa nyuma ya kioo na sangara mkononi alipoona mkanda unakuja mtupu.

Alipoingia ukumbini, wanawake sita walikuwa wameshatolewa na kulazwa kizingitini. Baadaye Kasuka alisimulia jinsi ilivyokuwa: Nyangeta aliita majina, sita hawakuitika, akawaburuta mmoja baada ya mwingine, wale waliokuwa na nguvu wakimsaidia, mpaka wa sita. Kisha akarudi ndani. Hakuna aliyebaki ndani. Wote kumi na mmoja walikuwa nje tayari. Lakini akili yake ilikuwa imechoka kuhesabu, akarudi kumtafuta mtu ambaye hakuwako. Kasuka alimsikia akiita. Aliita jina la mama yao.

Mafuru alimkuta kwenye sakafu karibu na tangi la tatu, amelala ubavu. Hakuwa na jeraha. Midomo ilikuwa myekundu, mashavu yameiva, amependeza kuliko alivyopendeza kwa miaka mingi. Akapiga magoti. Akamwita. Kisha mikono yake, kwa mazoea tu, ikafanya kazi iliyofundishwa: ikakigeuza kichwa cha dada yake taratibu, na yeye akatazama jicho.

Halikugeuka.

*

Waziri alikuja mazishini na shada lenye umbo la samaki, kwa kuwa lilikuwa limeshatengenezwa.

"Marehemu," alisema, "ametangulia kwa njia ambayo wengi wetu hatutaipata. Hakuugulia. Hakulia. Sisi tutakufa kwa kisukari, kwa ajali, kwa uzee. Yeye amelala katika Faraja, na ndiye raia wa kwanza kufikiwa na huduma hii. Familia isihuzunike kupita kiasi. Pasipo maumivu, pana malalamiko gani?"

Ila hotuba hiyo ilikuja mwisho. Kilichomuumiza Mafuru kilikuwa kimeshatokea siku moja kabla, hospitalini. Chumba cha maiti hakikuweza kuutoa mwili bila cheti cha sababu ya kifo, na kifo cha Pumzi ya Faraja, kisheria, kilithibitishwa na Mkaguzi wa Utulivu peke yake. Katika wilaya hiyo mkaguzi alikuwa mmoja, naye ni Mafuru. Bwana Bituro alimletea fomu mwenyewe, akaishikilia ili isipeperuke, na kumpa pole.

Mafuru aliisoma yote. Pa kuandikia spishi palikuwa pameachwa wazi. Pa mwisho paliuliza hali ya kiumbe wakati wa kufa. Nje, mjukuu wa Nyangeta na majirani walikuwa wamekaa kwenye nyasi na sanda mpya, jua linapanda, wanasubiri mwili.

Akaandika: *Utulivu, kamili.* Akatia saini. Na jina lake, alilolitia maelfu ya mara bila kufikiri, safari hii lilimchukua muda kulimaliza.

*

Mfanyakazi wa kiwanda alipewa siku tatu za maombolezo samaki wanapokufa kwa uzembe, na nusu siku anapofiwa na ndugu. Mafuru alichukua siku yake nusu, akakopeshwa Jumamosi na Jumapili na kalenda, na Jumatatu akarudi kwenye kioo chake.

Wanawake kumi na mmoja walikuwa ndani. Hakuna aliyeita. Alitegemea kusikia sauti, hata ya mtu mwingine, na ukumbi ulikuwa kimya kama Wizara ilivyopenda uwe. Kupitia kioo alimwona Mbuke ameegemea tangi, wavu umemtoka mkononi. Wenzake walikuwa wakichota. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Hawakumtupa, walikuwa hawaoni tena umbali huo.

Mafuru alimweka chini sangara aliyekuwa naye. Akainuka, akachukua kigoda cha chuma alichokuwa amekalia, akapita mlangoni, akakitupa kwenye dirisha la kwanza.

Kioo kilikuwa kizuri, kilihitaji mara nne. Dirisha la pili, mara tatu. Alivunja yote manane, akafunga valvu ya gesi, akaanza kuwasukuma wanawake nje, akiita majina kwa sauti ambayo hakujua anayo: Kasuka! Mbuke! Nyanzala! Upepo wa ziwani uliingia na harufu ya matope. Nje, akina mama walianguka kwenye nyasi, wakatapika, wakalia, wakapumua. Wote kumi na mmoja.

Ndani, samaki wakaamka.

Hilo ndilo Mafuru hakulifikiria. Sangara waliolala nusu walizinduka katika maji machache, wamebanana mia nne na zaidi katika matangi yote, na wakaanza kurukaruka. Waliruka juu ya kingo, wakaanguka kwenye vigae na vipande vya vioo. Matamvua yalifunguka na kufungwa. Mafuru alirudi ndani akajaribu kuwarudisha majini, lakini kila aliyemrudisha, wawili walianguka. Alijaribu kuwafunika macho. Mikono miwili haitoshi samaki mia nne. Mwishowe alikaa katikati yao sakafuni, viganja vikitoka damu, na walipomkamata saa saba alikuwa bado amekaa, na baadhi yao bado walikuwa wanatweta.

*

Taifa liliomboleza siku tatu. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, redio ikapiga kwaya, na Waziri Chamviringo akatangaza kwa sauti iliyokatika kwamba hakuna neno katika lugha yetu linalotosha kueleza yaliyowapata wale mia nne na kumi na wawili. Dirisha hakulitaja, kwa kuwa kamati ilikuwa bado inakaa.

Mafuru alishtakiwa kwa ukatili. Mahakama ilijaa. Kasuka na wenzake walikuja wakitaka kutoa ushahidi, wakaelezwa kwamba hawakuwa wamejeruhiwa, hivyo hawahusiki, wakae nyuma. Mwendesha mashtaka alionyesha picha za sangara mmoja mmoja. Ilichukua asubuhi nzima, na mshtakiwa hakuondoa macho yake hata kwenye picha moja.

Hakimu alikuwa mtu wa makamo, si mbaya. Alitaka kumpunguzia.

"Mshtakiwa, unajutia ulichokifanya?"

"Najutia, mheshimiwa."

Ukumbi ukanong'ona. Nyuma, Kasuka aliinamisha kichwa.

"Eleza."

"Niliwaona," Mafuru alisema. "Walikufa vibaya. Niliifanya kazi ile ili wasife vile. Sijalala vizuri tangu siku hiyo."

Hakimu akaandika. Alionekana kuridhika. "Kwa hiyo leo hii ukirudishwa pale ukumbini, na madirisha yamezibwa kama yalivyokuwa, hutavunja?"

"Nitavunja, mheshimiwa. Ila nitavunja mapema."

"Mapema kivipi? Mapema kiasi gani?"

Mafuru alifungua kinywa. Siku aliijua, ile Jumatano. Alijua na saa, na alijua kigoda kilikuwa pale pale siku hiyo, chini yake, amekikalia. Alijaribu kuitamka, sauti isitoke. Akajaribu tena. Hakimu alisubiri kwa subira, kalamu mkononi. Watu walisubiri. Akina mama kumi na mmoja waliokaa nyuma walisubiri, na mmoja wao akaanza kulia, maana wao siku hiyo waliijua pia.

Hatimaye hakimu akatazama saa ya ukutani, akamgeukia karani.

Karani akaandika: *Mshtakiwa hana jibu.*